Mishipa Ipelekayo Damu Kichwani

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili. Hata hivyo, hutumia sehemu 20 hivi katika kila 100 za oksijeni itumiwayo na mwili mzima. Tena ubongo hauna ghala ya kuweka akiba. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache ubongo huanza kuharibika. Kwa hiyo yafaa kila mtu azijue njia ambazo damu hupitia kutoka moyoni hata kichwani.

NJIA NNE ZA SHINGONI

Kutoka moyoni huinuka mshipa mkuu uitwao aota, ambao hupinda kama mkono wa bakora. Katika pindo hilo hutoka matawi matatu, na kutokana nayo hupatikana mishipa minne iendayo kichwani: miwili mbele ya shingo na miwili nyuma.

Ile ya mbele huitwa karotidi. Msomaji akiweka vidole viwili polepole kando ya kikoromeo, upande mmoja tu, atausikia mshipa ukipiga. Asikandamize pande zote mbili pamoja, maana aweza kuzimia. Karibu na sehemu ya juu ya kikoromeo, kila karotidi hugawanyika mara mbili. Tawi la nje hulisha ulimi, uso, meno na ngozi ya kichwa. Nayo ngozi hiyo ina mishipa mingi, ndiyo sababu hata jeraha dogo la kichwani hutoka damu nyingi. Tawi la ndani halitoi kitawi chochote shingoni. Hupenya tundu la mfupa chini ya fuvu, likalisha jicho na sehemu kubwa ya mbele ya ubongo.

Mishipa miwili ya nyuma hupanda ndani ya matundu ya pingili sita za juu za shingo, kama uzi upitao katika ushanga. Ikisha kuingia fuvuni huungana kuwa mshipa mmoja, nao hulisha shina la ubongo, ambalo hutawala pumzi, na sehemu ya nyuma, yenye kazi ya kuona.

DUARA LA WILLIS

Mwaka 1664 daktari Mwingereza, Thomas Willis, alitoa kitabu juu ya ubongo, akaeleza jinsi mishipa ya mbele na ya nyuma inavyoungana chini ya ubongo kuwa duara. Faida yake ni kwamba njia moja ikizibika polepole, damu yaweza kuzungukia njia nyingine, kama maji ya mifereji ya shamba. Lakini si watu wote walio na duara kamili. Tena tawi lililokwisha kutoka katika duara likizibika, mara nyingi duara haliwezi kuliokoa.

KIHARUSI

Tawi la ubongo likizibwa na damu iliyoganda, au likipasuka, mtu hupatwa na kiharusi. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto. Dalili huja ghafula: uso huenda upande, mkono hulegea, maneno hukwama. Jambo hili si pepo wala uchawi. Jamaa waiangalie saa dalili zilipoanza, wasimpe mgonjwa chakula wala kinywaji asije akapaliwa, wampeleke hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka.

PIGO LA PANJA

Ndani ya fuvu, penye panja, hupita mshipa mmoja mwembamba, na mfupa wa mahali hapo ni mwembamba pia. Mtu akipigwa rungu au akianguka baiskeli, mshipa huo waweza kupasuka. Huenda akazimia, akaamka, akazungumza vizuri. Kisha baada ya saa chache akashikwa na maumivu makali ya kichwa na usingizi mzito, akafa, kwa kuwa damu imejikusanya na kuusonga ubongo. Basi mtu aliyezimia kwa pigo la kichwa asiachwe kulala peke yake kwa kuwa eti amepona. Apelekwe hospitali, ambako daktari aweza kuifungua nafasi ile na kuitoa damu.

KINGA

Adui mkubwa wa mishipa hii ni shinikizo la damu, ambalo mara nyingi halina dalili yoyote. Mtu mzima na apimwe, hata akijiona mzima; apunguze chumvi, aache tumbako, na akipewa dawa asiikatize kabla ya kuagizwa na daktari.