Mikro inapokataa kusikia: somo kwa kamati za amani na jamaa za wakimbizi wa ndani



Kamati nyingi sasa zina kompyuta ndogo au simu ya kuandikia ripoti. Baadhi yake zimeanza kutumia njia ya kusema ili mashine iandike. Njia hii inawafaa sana watu ambao hawakupata nafasi ya kusoma, wazee ambao macho yamechoka, na karani mwenye wasemaji wengi kwa siku moja. Lakini mara nyingi mikro inakataa, na watu wanapoteza saa nzima bila kujua kosa liko wapi.

Lengo la somo: Mwishoni mwa somo hili kila mshiriki aweze (1) kueleza kwa nini mikro inafungwa, (2) kutafuta kosa kwa mpango, hatua kwa hatua, na (3) kulinda maneno ya mtu aliyekubali kusema.

1. Jambo lililotupata

Mwaka 2025 kambi nyingi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa. Jamaa nyingi zilirudi vijijini, na baadhi zilikuta mtu mwingine analima shamba lao. Kamati za amani zikapata kazi kubwa ya kusikiliza pande zote mbili.

Siku moja nilikaa na kamati moja kumsikiliza mama mjane. Tulifungua kompyuta, tukamwomba aseme. Kwenye kioo likatokea neno kwamba mikro imezuiwa. Kijana wetu akabonyeza huku na huku, mama akangoja. Mwishowe akasema: «Mwanangu, kama mashine inakataa sauti yangu kwa sababu sikusoma, niambie nirudi nyumbani.»

Neno hilo lilituuma. Kosa halikuwa kwake hata kidogo. Asubuhi ile mmoja wetu alikuwa ameulizwa na kompyuta kama anakubali mikro itumike, naye kwa haraka akabonyeza «Bloquer», yaani zuia. Kurekebisha kulichukua muda mfupi tu.

Baada ya hapo mama alisema: «Mume wangu aliniachia shamba.» Kompyuta ikaandika: «Mume wangu aliniacha shambani.» Tungetia sahihi karatasi ile bila kuisoma, mjane aliyeachiwa shamba angeonekana kuwa mke aliyeachwa na mumewe. Ndiyo sababu somo hili lina sehemu mbili: kufungua mikro, na kulinda neno.

2. Kwa nini mikro inafungwa?

Kurasa za intaneti tunazifungua kwa programu inayoitwa kivinjari, kama vile Chrome, Firefox, Edge au Safari. Kivinjari ni kama mlinzi wa mlango. Ukurasa ukitaka kusikia sauti yako, ni lazima upige hodi kwanza. Hapo kisanduku kidogo kinatokea juu ya kioo na kuuliza kama unakubali. Ukibonyeza «Autoriser», mlango unafunguka. Ukibonyeza «Bloquer», mlango unafungwa, na mara nyingi kivinjari kinakumbuka jibu lako. Hapo kesho ukirudi kwenye ukurasa uleule hakikuulizi tena. Wengi wanadhani mashine imeharibika, kumbe inatii tu neno la jana.

Mlinzi huyu ni mwema. Bila yeye ukurasa wowote ungeweza kusikiliza mazungumzo ya nyumba yako. Kwa hiyo tusimkasirikie. Tujifunze kusema naye.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa kivinjari. Wa pili ni wa kompyuta au simu yenyewe, ambayo nayo inaweza kukinyima kivinjari mikro. Ikiwa mmoja tu umefungwa, sauti haipiti.

3. Kutafuta kosa kwenye kompyuta

Fuateni mpango huu bila kuruka. Tunaanza karibu na mdomo wa msemaji, tunaenda mbali polepole.

Hatua ya kwanza: jaribu mikro nje ya intaneti. Fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo ndani ya kompyuta, sema maneno machache, kisha sikiliza. Ukisikia sauti yako, mikro ni nzima. Nenda hatua ya tatu. Usiposikia kitu, fanya hatua ya pili.

Hatua ya pili: angalia chombo chenyewe. Je, kuna kifungo cha kuzima mikro kwenye kibodi au kwenye waya wa vifaa vya masikioni? Je, waya umeingia hadi mwisho? Kompyuta zenye matundu mawili kwa kawaida zina tundu la rangi ya waridi kwa ajili ya mikro na la kijani kwa ajili ya kusikiliza. Vifaa vingine vya masikioni havina mikro kabisa. Vitoe, ujaribu mikro iliyomo ndani ya kompyuta. Angalia pia kama vumbi limeziba kitundu cha mikro. Kifute kwa kitambaa kikavu, usichome sindano.

Hatua ya tatu: fungua mlango wa kivinjari. Katika Chrome, tazama juu, upande wa kushoto wa anwani ya ukurasa. Utaona alama ya kufuli, au vijistari viwili vyenye viduara. Bonyeza hapo, tafuta «Micro», na uweke «Autoriser». Kisha pakia ukurasa upya, kwa kuwa mara nyingi mabadiliko hayaanzi kabla ya hapo.

Hatua ya nne: fungua mlango wa kompyuta. Kwenye Windows, ingia «Paramètres», halafu sehemu ya «Confidentialité», halafu «Microphone». Hakikisha kwamba mikro imeruhusiwa, na kwamba programu za kompyuta nazo zimeruhusiwa. Ruhusa hii ya mwisho iko chini ya ukurasa, na watu wengi hawaifikii.

Hatua ya tano: chagua mikro iliyo sahihi. Kompyuta inaweza kuwa na mikro mbili au zaidi, nayo ikasikiliza ile isiyo mbele yako. Katika mipangilio ya mikro ya Chrome kuna orodha. Chagua ile unayotumia.

Hatua ya sita: funga programu nyingine. Ikiwa mazungumzo ya video bado yamefunguliwa, pengine ndiyo yanayoshika mikro. Yafunge, ujaribu tena.

Hatua ya saba: angalia anwani na saa. Kivinjari hakitoi mikro kwa ukurasa usio salama. Anwani ya ukurasa salama huanza na herufi https. Tena, ikiwa tarehe ya kompyuta imepotea kwa sababu betri iliisha, hata ukurasa mzuri unaonekana kuwa si salama. Rekebisha saa na tarehe. Kosa hili tunaliona mara nyingi mahali ambapo umeme ni wa shida.

Hatua ya nane: angalia kivinjari na intaneti. Si kila kivinjari kinaweza kuandika kwa sauti. Katika Google Docs, kwa mfano, kazi hii inapatikana kwa Chrome, Edge na Safari; kwa Firefox haipo. Ingia «Outils», halafu «Saisie vocale». Pia intaneti ikiwa dhaifu, mikro itaonekana imefunguka lakini maneno hayatoki, au yanatoka nusu.

4. Kwa wanaotumia simu

Kwenye simu za Android milango ni ileile. Ingia «Paramètres», «Applications», chagua Chrome, halafu «Autorisations», halafu «Micro», uiruhusu wakati programu inapotumika. Kisha fungua ukurasa na utoe ruhusa ya pili, ile ya ukurasa wenyewe.

Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, kuna pia kifungo kimoja kinachofunga mikro kwa programu zote. Teremsha kidole kutoka juu ya kioo, utafute «Accès au micro». Katika simu hizo, mikro inapotumika, alama ndogo ya kijani inatokea juu kulia. Wafundisheni watoto na wazee alama hiyo. Ukiiona nawe huongei na mtu wala hurekodi, uliza ni programu gani inayosikiliza.

Simu pia inaweza kuondoa ruhusa yenyewe kwa programu ambayo haikutumika kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo usishangae ukiombwa tena.

5. Mikro imefunguka: nani anasikiliza?

Ndugu viongozi, hapa tuwe makini sana. Katika Chrome, kwa kawaida sauti yako haigeuzwi kuwa maandishi ndani ya kompyuta peke yake. Inapelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye mashine za mbali, ndiko inakosomwa, kisha maandishi yanarudi. Kwa hiyo neno ulilosema chumbani limetoka chumbani.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo haya:

– Mweleze msemaji kabla ya kuanza: sauti itakwenda wapi, maandishi yatawekwa wapi, na nani atayasoma. Umwombe ruhusa. Kama kivinjari kinavyopiga hodi, na sisi tupige hodi kwake.

– Akikataa, heshimu jibu lake. Andika kwa mkono. Asipoteze nafasi yake katika kamati kwa sababu hiyo.

– Usisemeshe kwenye mikro habari za ubakaji, majina ya mashahidi, wala mahali mtu anapojificha. Mambo hayo yaelekezwe kwa watu waliofundishwa kuyapokea.

– Mkimaliza, rudi kwenye alama iliyo karibu na anwani, uondoe ruhusa. Kama kompyuta inakuuliza, chagua kuruhusu kwa mara hii tu. Kompyuta ya kamati inapita katika mikono mingi.

6. Msomee msemaji maneno yake

Kiswahili kiliongezwa katika uandishi wa sauti wa Google mwaka 2017. Katika orodha ya lugha utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Sisi wa Kongo tunasema kwa namna yetu, na mara nyingi tunachanganya na Kifaransa, zaidi tunapotaja miaka na hesabu. Mashine inapotea hapo. Mwombe msemaji aseme polepole, na miaka pamoja na vipimo vya shamba karani aviandike kwa vidole.

Zaidi ya yote, chungeni maneno ambayo silabi moja inageuza haki. «Niliuza shamba» na «niliuziwa shamba» ni maneno mawili yanayopingana: wa kwanza ametoa, wa pili amepokea. «Nilikopa» na «nilikopesha» vilevile. «Aliniachia» na «aliniacha» mmekwisha kuona. Mashine haijui nani ana shamba. Inaandika sauti iliyodhani imesikia.

Kwa hiyo kabla ya sahihi au alama ya kidole, someni maandishi yote kwa sauti, polepole, mbele ya msemaji na shahidi aliyemchagua. Mwulizeni baada ya kila fungu: «Mama, ndivyo ulivyosema?» Yule mama mjane alitusahihisha mara tatu. Mara ya tatu alicheka, akasema sasa mashine imejifunza kusikiliza wakubwa. Upande wa pili nao tuliwasomea maneno yao kwa namna ileile, na hakuna aliyesema kwamba karani alipendelea.

Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Karatasi yenye kosa ikishatiwa sahihi inaweza kuwasha tena ugomvi tuliotaka kuuzima.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni mara ngapi tumelaumu mtu au mashine, kumbe kosa lilikuwa jibu letu la jana?
2. Katika kamati yetu, nani hasemi kwa sababu hajui kuandika? Tumsaidieje?
3. Ni maneno gani mengine ya lugha yetu yanayoweza kugeuza haki yakiandikwa vibaya?
4. Ni habari gani ambazo kamati yetu haitazisema kamwe kwenye mikro?

Zoezi

Mshiriki mmoja afunge mikro kwa siri katika mlango mmoja, wa kivinjari au wa kompyuta. Wengine wafuate hatua nane hadi walipate kosa. Kisha mshiriki mzee kuliko wote aseme mambo matano juu ya shamba lake, mashine iandike, na karani amsomee. Hesabuni makosa pamoja, na mwandike upya kwa mkono maneno yaliyogeuka.

Andikeni hatua nane kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye kifuniko cha kompyuta ya kamati. Siku mikro itakapokataa, msemaji asingoje huku akidhani ni yeye anayekataliwa. Mwambieni kwanza: «Sauti yako ni nzima, tunatafuta mlango uliofungwa.» Kisha anzeni hatua ya kwanza.

Amani iwe kwenu na jamaa zenu.