Bomba la Moshi, Lichungulie Ndani

Mdogo wangu unayejenga huko Sofu, umefika pale penye kuchosha. Paa limekwisha, hela nayo imekwisha, halafu fundi anakuja kukwambia jiko la mkaa linataka bomba la moshi na choo kinataka bomba la hewa. Najua ulivyomjibu: lete lolote la bei nafuu, bomba si bomba tu? Sikulaumu. Wamejibu hivyo watu wazima wenye akili zao. Ila kaa hapa kidogo tuongee kabla hujatoa hela.

Ukienda madukani Maili Moja utaonyeshwa bomba la zinki linalong'aa, na la rangi inayofanana na bati la paa lako. Moyo utaangukia la rangi. Subiri. Kabla ya kuuliza bei, jiulize ndani yake kitapita nini: moshi wa moto, au hewa ya shimoni?

Jikoni adui ni joto. Zinki imewekwa kukinga chuma na kutu, lakini ikikaa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 200 huanza kubanduka, na kwenye nyuzi 419 huyeyuka. Rangi ya bati la paa ndiyo kabisa: hutoa mapovu, huungua, na ile harufu mnaivuta wewe na watoto. Kwa hiyo kipande kinachotoka jikoni moja kwa moja, mita ya kwanza au zaidi, kiwe cha chuma cheusi kinene, kisicho na zinki. Ukitaka kukipaka, tafuta rangi inayohimili joto. Huko juu, moshi ukishapoa, bati la zinki liendelee. Na geji uielewe, mdogo wangu: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Namba ikipanda, unene unashuka. Hapo wengi wanapigwa mchana kweupe.

Tena usikubali fundi achomelee bomba la zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi mweupe unaotoka ni zinki yenyewe. Jioni anaweza kushikwa na homa na kutetemeka, mdomoni ladha ya chuma, na nyote mkadhani ni malaria. Aondoe zinki kwanza pale pa kuungia, afanyie kazi nje penye upepo, au apige ribiti tu. Yule naye ni mtoto wa watu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Moshi hausukumwi na kitu. Unapanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi, na nguvu yake ni ndogo mno. Kila kona unayouwekea unauchosha. Ukililaza bomba litokee dirishani kwa kuogopa kutoboa paa, moshi utakurudia. Na mkaa hata ukikolea usitoe moshi, unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Ndiyo maana tundu la kutu kwenye bomba si jambo la kusema nitaziba mwezi ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ninaogopa zaidi ya ukuta. Bomba lisimame wima, lipite juu ya paa, livikwe kofia. Kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, ili lami inayoteremka isichuruzike ukutani.

Na kama una mgahawa na unataka feni ya kuvuta moshi, iweke mwisho wa nje wa bomba. Hapo bomba zima linavuta, na penye tundu litavuta hewa ya jikoni badala ya kukutemea moshi usoni.

Najua Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na ninauombea ufanikiwe. Lakini mkaa wako unawaka leo.

Chooni mambo yanageuka. Joto hakuna, kuna unyevu na ile gesi inayonuka yai viza, inayokula zinki taratibu kuanzia ndani. Nje bomba linang'aa, ndani limekwisha. Chukua la plastiki, au kama ni la chuma, liwe limepakwa vizuri ndani na nje. Upana sentimita 15, lipite paa kwa nusu mita, na juu lifungwe wavu usioshika kutu. Usiudharau wavu: nzi wa shimoni hufuata mwanga wa juu, wakanasa hapo. Zimbabwe, katika miaka ya 1970, walitega nzi kwa siku 78 kwenye vyoo viwili. Kisicho na bomba walipata 13,953. Chenye bomba, 146.

Basi siku ya kununua nenda mwenyewe, usimwachie fundi peke yake. Washa tochi ya simu, chungulia ndani, pitisha kidole kwenye mshono. Ukikuta mipako imekwaruzika au ina mabaka, lirudishe, omba jingine. Muuzaji akinuna, mwache anune. Hela ni yako.