Kufuatilia Alama za Majaribio kwa Mwanafunzi wa PCB Anayelenga Udaktari

Katika nchi nyingine, anayetaka kusomea udaktari hufanya mtihani wa pekee wa kuingilia chuo. Marekani wana MCAT, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. India wana NEET. Kwetu Tanzania hakuna mtihani wa namna hiyo. Mtihani wako wa kuingilia udaktari ni huu huu wa kidato cha sita unaofanyika Mei, na kinachotazamwa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwanafunzi wa Kibaha akipanda basi kwenda Dar es Salaam hupita Kibamba, jirani na Mloganzila ilipo kampasi ya MUHAS. Wa Minaki na shule nyingine za Kisarawe akishapita Pugu na Gongo la Mboto amekaribia mjini. Chuo wote wanakiona. Kujua umebakiza alama ngapi kukifikia ndilo somo la sura hii.

Tuanze na viwango. NECTA hutoa A kwa alama 80 hadi 100, B kwa 70 hadi 79, C kwa 60 hadi 69, D kwa 50 hadi 59, E kwa 40 hadi 49, S kwa 35 hadi 39, na F chini ya hapo. Hapa wanafunzi huchanganya mambo mawili. Katika kutafuta daraja (divisheni), A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri: kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Katika udahili wa vyuo vikuu hesabu hugeuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sifa za chini za kusomea udaktari zimo katika mwongozo wa udahili wa TCU. Soma toleo la mwaka wako mwenyewe, usitegemee la kaka yako. Pia elewa kwamba sifa ya chini inakuruhusu kuomba tu. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hivyo weka lengo lako juu ya kiwango cha chini.

Alama imepatikana vipi?

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akinionyesha alama zake za Kemia kila Ijumaa. Alianza na 54, ikaja 61, kisha 68, kisha 74. Mimi nilimpongeza, nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Ulipofika mtihani wa utamilifu akapata 57. Alilia, na kusema kweli hata mimi nilitikisika. Tulipokaa kufungua daftari lake, tukakuta ile 68 ni ya pepa aliyokuwa ameshasoma majibu yake kwenye kitabu, na ile 74 ni ya pepa aliyoirudia kwa mara ya pili, tena aliifanya kwa jioni mbili. Hakuwa amedanganya. Hakuna aliyemwambia aandike mazingira ya jaribio, na mimi mwalimu wake sikuuliza. Alama yake ya kweli ilikuwa hamsini na kitu tangu mwanzo, na sasa zilibaki wiki chache tu.

Kwa sababu hiyo, katika kaunta buku yako ya kufuatilia, kila alama iandikiwe mambo manne pembeni: tarehe, pepa ya mwaka gani na karatasi ipi, muda uliotumia, na kama ni mara ya kwanza au ya marudio. Pepa ya marudio ni zoezi zuri, ila alama yake isiingie kwenye grafu. Iandike ukurasa wa nyuma.

Jaribio linaloingia kwenye grafu lifanyike kama mtihani wenyewe: saa 3 mfululizo, simu mbali, daftari limefungwa. Ukiweza anza saa 2:00 asubuhi siku ya Jumamosi, maana akili ya asubuhi si sawa na ile ya prepo ya usiku. Anayekaa shule ya kutwa na nyumbani kuna kelele aombe darasa shuleni. Walimu wengi hawakatai. Kisha mpe mwenzako asahihishe kwa kutumia mwongozo wa usahihishaji. Ukijisahihishia mwenyewe utajipa alama ya huruma: "hapa nilimaanisha hivi." Msahihishaji wa NECTA hasomi ulichomaanisha.

Usisahau karatasi ya 3

Somo moja la sayansi lina karatasi ya 1 na ya 2, kila moja alama 100, na karatasi ya 3 ya vitendo yenye alama 50. Jumla ni 250. Mwanafunzi anayefuatilia nadharia peke yake ameacha nje alama 50, yaani asilimia 20 ya somo zima.

Mfano: Kemia 1 umepata 62, Kemia 2 umepata 58, vitendo 31 kati ya 50.

62 + 58 + 31 = 151
151 ÷ 250 × 100 = 60.4

Hiyo ni C, kwa nafasi finyu sana. Vitendo vingekuwa 25 badala ya 31, jumla ingekuwa 145, sawa na asilimia 58, na hiyo ni D. Alama 6 za kutitrisha vizuri na kuandika jedwali lenye vizio zimebadilisha gredi. Katika shule zenye maabara nyembamba na kemikali za kupimiana, vitendo huachwa mpaka Machi. Mwombe mwalimu wa maabara mapema hata zoezi moja kila wiki mbili, na liandikie alama. Kwa Baiolojia udhuru ni mdogo zaidi: chura wa kupasua mvua za masika zikianza hapa Pwani hatafutwi, anakuja mwenyewe.

Kupanda na kushuka

Pepa hazilingani ugumu. Kupata 55 wiki hii na 51 wiki ijayo hakuonyeshi kwamba umerudi nyuma, na kupata 60 mara moja hakuonyeshi kwamba umefika. Tumia wastani wa majaribio matatu ya mwisho. Chukua alama hizi za Kemia 1, zote za pepa mpya na za saa 3:

48, 55, 51, 60, 54, 63

Wastani wa tatu za kwanza (48, 55, 51) ni 51.3. Sogea moja mbele: 55, 51, 60 ni 55.3. Tena: 51, 60, 54 ni 55.0. Tena: 60, 54, 63 ni 59.0. Mwanafunzi huyu ameshuka mara mbili katika alama za moja moja na huenda siku hizo alikosa usingizi, lakini wastani wake umetoka 51 hadi 59. Anapanda. Vilevile asijidanganye na ile 63 ya mwisho, kwa sababu kwa wastani bado yuko D, alama moja chini ya C na 11 chini ya B.

Alama zilizopotea

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi huishia njiani. Ukipata 54 umepoteza 46. Zile 46 zimekwenda wapi? Pitia kila swali, na kila alama iliyokatwa uipe herufi moja: J kama hukujua kabisa, K kama ulijua ukakosea (kizio, alama ya hasi, hesabu), M kama muda ulikuishia, S kama hukulielewa swali lenyewe. Kundi la mwisho lisidharauliwe. Mtihani uko kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyeambiwa alinganishe vitu viwili akaeleza kimoja tu amepoteza alama akiwa anajua jibu.

Tuseme zile 46 zimegawanyika hivi: J 17, K 12, M 11, S 6. Mwanafunzi huyu angeniambia "mwalimu, Kemia sijui, naanza upya." Daftari lake linasema vingine. K na M pekee ni alama 23, na hakuna hata moja kati ya hizo inayodai mada mpya. Akiokoa nusu tu anafika 65. Wa pili mwenye 54 hiyo hiyo lakini J yake ni 38 anahitaji dawa tofauti kabisa: aache pepa kwa wiki tatu, arudi kwenye notisi. Wawili hawa wakipewa ratiba moja, mmoja wao atapoteza muda wake.

Kwa alama za J, andika pia mada. NECTA hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na inapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo ufaulu wa kidato cha sita hupangwa hivi: asilimia 60 hadi 100 ni mzuri, 35 hadi 59 ni wa wastani, 0 hadi 34 ni dhaifu. Tumia mipaka hiyo hiyo kwa mada zako, ukipaka kijani, njano na nyekundu. Mada ikiwa nyekundu kwako na taarifa inaonyesha watahiniwa wengi nao walianguka hapo, soma maelezo ya makosa yao. Mara nyingi utakuta kosa lako limeandikwa neno kwa neno.

Zoezi

Mwanafunzi wa Baiolojia 1 ana alama hizi: 66 (pepa mpya, saa 3), 71 (pepa mpya, hakupima muda), 79 (marudio), 64 (pepa mpya, saa 3), 68 (pepa mpya, saa 3). Wastani wake wa Baiolojia 2 ni 63. Vitendo ana 27 kati ya 50.

(a) Tafuta wastani wa alama zinazostahili kuingia kwenye grafu ya Baiolojia 1.
(b) Tafuta asilimia yake ya somo zima na gredi yake.
(c) Anahitaji alama ngapi zaidi kati ya 250 ili apate B? Kama vitendo vitapanda hadi 40, zitabaki ngapi za kutafuta katika nadharia?

Majibu: (a) 66. (b) 156 kati ya 250, yaani 62.4, C. (c) Alama 19, zitabaki 6.

Ukimaliza, fungua daftari lako na ufanye (a) hadi (c) kwa alama zako mwenyewe za masomo yote matatu.