Ujira na Mapatano ya Wafanya Kazi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: ndugu zetu wa Miyuji wafanyao kazi ya kuajiriwa wameuliza, je, yajuzu wafanya kazi kuungana wakataka ujira kwa sauti moja, na je, kuungana huko kwaongeza mshahara? Jibu lake lina mafungu matatu.

La kwanza. Jua, ewe msomaji, ya kuwa ijara ni mkataba wa ridhaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi yapasa kazi ijulikane na ujira ujulikane. Na mkataba ukifisidika, aliyefanya kazi hulipwa ujira wa mfano, yaani ule wapewao wenziwe kwa kazi kama yake. Lakini ridhaa ya mwenye njaa ni dhaifu. Mtu mmoja akikataa ujira mdogo, mwenye mali humwita mwingine aliyesimama langoni. Wakikataa mia pamoja, hana budi kusema nao, maana kuwabadili wote humgharimu zaidi kuliko kuwaongeza. Hapo ndipo mshahara hupanda. Na asemaye kwa ajili yao ni wakili, na uwakala wajuzu katika ijara kama katika biashara. Wala usidhani hii ni tas'iri, yaani mtawala kuwakatia watu bei, jambo alilolikataa Mtume s.a.w. bei zilipopanda Madina. Hapa pande mbili zimepatana zenyewe.

La pili, yaliyopita katika nchi yetu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli ya kati ukaingia bara. Wasuluhishi wakakaa, mishahara ya bandarini ikaongezwa, na chama chao kikaundwa mwaka huohuo. Mwaka 1950 mgomo mwingine wa bandari uligeuka fujo, na chama kikavunjwa. Basi mapatano yaliwajengea, na fujo ikawabomolea. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yawaruhusu wafanya kazi 20 au zaidi kuanzisha chama. Na chama chenye zaidi ya nusu ya wafanya kazi wa mahali pale ndicho kisemacho kwa wote, na muajiri yampasa ajadiliane nacho kwa nia njema.

La tatu, mipaka. Ijara ni mkataba wenye kulazimu, na katika Suratul Maida tumeamrishwa kutimiza mikataba. Basi mwenye kulipwa haki yake asiache kazi katikati ya muda. Apeleke kwanza shauri kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku isiyofanywa kazi haidaiwi ujira. Wala wasitake kupita kiasi cha pato la kazi, kwani muajiri atapunguza watu, na atakayeumia ni kijana aliye nje ya lango, asiye na sauti katika chama.

Nawe muajiri, kumbuka kuwa Mtume s.a.w. ametuamuru tumlipe mfanya kazi upesi, kabla jasho lake halijakauka. Na Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyetumikisha kisha akazuia ujira. Asiyemwogopa wakili wa wafanya kazi, na amwogope Hasimu huyo.

Wallahu aalam.