Vidokezo vya Kupima Uchovu wa Misuli Kwenye Baridi ya Njombe

Mpakiaji wa viazi pale Makambako, mkoani Njombe, hahitaji mashine ili ajue kuwa amechoka. Shida ni kwamba mgongo huanza kuchoka kabla mwenyewe hajakubali. Umeme mdogo wa misuli hulionyesha hilo mapema, na husomwa juu ya ngozi bila sindano. Kipimo hiki huitwa elektromiografia. Wewe mwanafunzi wa fiziotherapia, fundi wa vifaa tiba au ofisa usalama kazini unayekipeleka Njombe, shika haya.

1. Fuatilia kasi ya mawimbi, si ukubwa wake tu. Msuli ukichoka, mawimbi hukua kwa sababu ubongo huita nyuzi zaidi zibebe mzigo uleule. Wakati huohuo hupungua kasi: kemia ya ndani ya msuli hubadilika, na umeme uliokuwa ukipita kwenye nyuzi kwa takribani mita 4 kwa sekunde huenda polepole. Mjerumani Hans Piper aliona mawimbi yakipungua kasi hivyo tangu 1912. Leo kompyuta hupima masafa, yaani mawimbi hutetema mara ngapi kwa sekunde, na kukokotoa masafa ya kati, pale ambapo nguvu ya mawimbi hugawanyika nusu kwa nusu. Yakishuka ilhali mzigo na mkao ni vilevile, shuku uchovu.

2. Lakini shuku baridi kwanza! Hapa ndipo wengi watateleza. Njombe iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai huko si ya mchezo. Msuli uliopoa hupitisha umeme polepole, kwa hiyo masafa hushuka hata kama mtu hajagusa gunia. Ukimpima alfajiri utamwita mchovu bure. Baya zaidi ni saa chache baadaye: mwili umepata joto kwa kazi, masafa yamepanda, na uchovu wa kweli umefichika humo. Pima joto la ngozi kila mara na uliandike pembeni ya kipimo. Mpe mtu muda apate joto ndani ya chumba kilekile, kisha mlinganishe na yeye mwenyewe alipokuwa hajachoka, si na jirani yake.

3. Safisha ngozi. Nyoa vinyweleo, futa kwa spiriti, acha pakauke. Elektrodi ziachane sentimita 2 kati kwa kati, zikifuata mwelekeo wa nyuzi.

4. Chomoa chaja. Umeme wa gridi yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na nguvu kubwa ya mawimbi ya misuli iko kati ya 20 na 450. Ukiuchuja baadaye, unachuja na msuli. Tumia betri.

5. Usikimbilie kumpima mtu akitembea na mzigo. Nyaya hutikisika, nyuzi hujikunja na kunyooka chini ya elektrodi, na namba hupoteza maana. Mpime kabla na baada ya kazi, akiwa ametulia. Kwa mgongo kuna jaribio la Mdenmaki Biering-Sørensen la 1984: mtu hulala kifudifudi, miguu imefungwa, kiwiliwili kinaning'inia nje ya kitanda, naye hukishikilia kikiwa kimenyooka, asizidishe sekunde 240. Mwenye maumivu makali ya mgongo asifanye.

6. Chagua msuli kwa kufuata kazi. Kwa mchuma chai wa Kibena, anza na bega na mkono. Kwa anayebeba kichwani, tazama shingo, na usidhani kila mzigo unamchosha: utafiti wa Maloiy na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa 1986, ulikuta wanawake waliozoea kubeba kichwani wakimudu mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada.

7. Kabla ya kununua sensa, uliza kama inatoa mawimbi ghafi. Nyingi za bei nafuu hutoa mstari uliolainishwa, na huo hauna habari ya masafa. Rekodi angalau vipimo 1,000 kwa sekunde.

8. Omba kibali cha maadili ya utafiti NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kisha anza na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa hulizidisha, na mjadala wake huwa juu ya mkulima anayepunjwa. Ni haki yake. Ila chini ya gunia hilo yupo kijana mwenye mgongo, na mgongo huo hauna namba mezani kwa mtu yeyote. Mpimeni, mpeleke matokeo Wakala wa Vipimo na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Mkimaliza Makambako, nendeni Ludewa mkapime vijana kabla uchimbaji wa chuma cha Liganga haujashika kasi, kwa sababu mgongo ambao haukupimwa ukiwa mzima hautakuwa na cha kulinganishwa nacho.