Herufi Tatu, Maneno Mengi



Wapenzi wanafunzi, katika ukurasa wa lugha mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo tukilifahamu vyema litatupunguzia kazi ya kuhifadhi msamiati. Wengi wetu hapa Kojani tunasoma skuli na chuoni pia. Kiswahili tunakisema nyumbani, Kiingereza tunakikuta skuli na Kiarabu tunakisoma chuoni. Mwanafunzi anayehifadhi kila neno peke yake, kana kwamba halina ndugu, mzigo humwelemea, na wengine huutua njiani. Basi na tujifunze kuwajua ndugu wa neno.

KWANZA: SHINA LA NENO

Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya herufi tatu za asili. Herufi hizo ndizo zinazobeba maana ya msingi. Irabu na herufi za ziada huingia mwanzo, kati au mwisho, na neno jipya likapatikana. Katika Kiswahili shina hukaa pamoja, kama soma, msomaji, masomo. Katika Kiarabu hutawanyika ndani ya neno, na ndiyo maana halionekani upesi. Tazameni maneno haya ambayo tunayatumia kila siku:

- Kaf, ta, ba (kuandika): kitabu, katibu, maktaba, mkataba.
- Dal, ra, sin (kusoma): darasa, durusu, madrasa.
- Ayn, lam, mim (kujua): elimu, mwalimu, ulamaa, taaluma.
- Ha, kaf, mim (kuamua): hukumu, hakimu, mahakama, hekima.
- Sin, jim, dal (kusujudu): sijida, sujudu, msikiti.
- Ra, zay, qaf (kuruzuku): riziki, ruzuku, na jina Abdulrazak.

Maktaba, madrasa na mahakama yote huanza na "ma". Hii si "ma" ya wingi kama katika mawe au majina. Ni mim ya Kiarabu inayoonesha pahala: pahala pa vitabu, pahala pa kusomea, pahala pa kuhukumia. Hata msikiti asili yake ni masjid, pahala pa kusujudia, ila ulimi wa Kiswahili umelibadilisha.

Neno refu nalo lisitutishe. Chukueni istighfari. Toeni alif, sin na ta za mwanzo pamoja na alif ya kati. Zinabaki ghayn, fa na ra, na hapo tunawaona ndugu zake: maghfira na Ghafuri. Zile herufi za mwanzo zimeleta maana ya kutaka, hivyo istighfari ni kutaka maghfira.

PILI: TAHADHARI

Si kila maneno yanayofanana ni ndugu. Herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili huchanganya sauti ambazo Kiarabu huzitenga. Kaf na qaf zote kwetu huwa "k", sin na sad huwa "s", ta nyepesi na ta nzito huwa "t".

Haki na hakimu yanaonekana mtu na nduguye, lakini haki ni ya qaf, pamoja na hakika na uhakiki, na hakimu ni wa kaf. Katibu ni mwandishi. Khatibu ni msomaji wa hotuba, na shina lake ni kha, ta nzito na ba. Sura ya Qur-ani ni ya sin, na sura ya mtu ni ya sad, ingawa kwa Kiswahili huandikwa sawasawa.

Jambo hili si dogo. Anayesoma "qul" akaitamka kwa kaf, amegeuza "sema" kuwa "kula". Na "qalb" ni moyo, lakini "kalb" ni mbwa. Kwa hiyo kabla ya kudai kwamba maneno mawili ni ndugu, kwanza tuyaandike kwa herufi za Kiarabu.

TATU: HERUFI ZILE ZILE, MPANGILIO MWENGINE

Mwanachuoni Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyekulia Basra katika karne ya 8, ndiye mwalimu wa Sibawayhi na mwasisi wa elimu ya arudhi. Katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, aliyaweka pamoja maneno yenye herufi zile zile hata kama mpangilio wake ni tofauti. Alihesabu kwamba herufi 2 hupangika kwa njia 2, herufi 3 kwa njia 6, herufi 4 kwa njia 24, na herufi 5 kwa njia 120. Kisha akabainisha mpangilio unaotumiwa na Waarabu na ule ulioachwa.

Sisi tuliozungukwa na maji tuanze na bahari: ba, ha, ra. Tukigeuza ha, ra, ba tunapata harb, yaani vita, na herufi hizo ndizo zilizomo katika mihrabu. Ra, ha, ba zimo katika marahaba, jibu la kila shikamoo. Ha, ba, ra ni hibr, wino. Ra, ba, ha ni ribh, faida. Ba, ra, ha zimo katika al-bariha, jana. Njia zote 6 zimetumika, na kila moja ina maana yake. Mpangilio ukibadilika, shina limebadilika.

MAZOEZI

1. Jamaa, jumuiya, Ijumaa, jumla: lipi si ndugu?
2. Shirika, mshirika, ushirikina, sharia: lipi si ndugu?
3. Andikeni shina la safari na msafiri kwa herufi za Kiarabu.

Majibu: (1) jumla, kwa sababu huishia na lam na wenzake huishia na ayn, (2) sharia, kwa sababu huishia na ayn na wenzake huishia na kaf, (3) sin, fa, ra.

Tunamalizia kwa mfano mmoja. Ayn, lam, mim ni elimu. Sogezeni mim katikati, mtapata amali. Herufi ni zile zile tatu, na mwanafunzi anazihitaji kwa mipangilio yote miwili.

Wabillahi tawfiq.