Malengelenge na Uvimbe Mdomoni: Sababu Zake na Wakati wa Kutafuta Msaada

Malengelenge yanayouma mdomoni na uvimbe wa midomo si ugonjwa mmoja. Mara nyingi hupona baada ya wiki moja au mbili. Mara chache huhatarisha uhai katika muda mfupi sana. Jambo la kwanza la kutazama ni mahali palipovimba na kasi ya uvimbe wenyewe.

Uvimbe wa ghafla

Ulimi, midomo au koo vikivimba ghafla, sauti ikabadilika, au mgonjwa akashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, simu ipigwe mara moja kwa namba 999. Huenda ni mzio wa chakula, kama vile karanga au kamba, au wa dawa. Lakini ipo sababu ambayo wengi hawaishuku: vidonge vya shinikizo la damu vya jamii ya ramipril na lisinopril. Uvimbe huu kwa kawaida hauna mwasho wala vipele, na unaweza kumpata mtu aliyetumia dawa hiyo kwa miezi, hata miaka, bila shida yoyote. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa nao zaidi kuliko wengine. Hata ukipungua wenyewe, mgonjwa azungumze na daktari siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, kwa kuwa uvimbe unaweza kurudi kwa ukali zaidi. Zipo dawa nyingine za shinikizo la damu, na daktari atambadilishia.

Malengelenge ya midomo

Malengelenge madogo yanayoanza kwa kuchonyota pembeni mwa midomo husababishwa na virusi vya herpesi, navyo huambukiza kwa kubusu. Kwa mtu mzima ni usumbufu wa siku kama kumi. Kwa mtoto mchanga ni hatari ya kifo. Mgeni aliyekuja kumpongeza mzazi akiwa na malengelenge hayo asimbusu mtoto. Kumkatalia si utovu wa adabu.

Mtoto mwenye homa, vidonda mdomoni na vipele viganjani na nyayoni huenda ana ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Apewe vinywaji baridi mara kwa mara. Antibayotiki hazitibu virusi, hata zile zilizobaki kabatini au kuletwa kutoka nyumbani. Asipokojoa kama kawaida, mzazi apige simu namba 111.

Vidonda na fizi

Vidonda vidogo vyeupe ndani ya shavu mara nyingi hutokana na kujiuma au meno bandia yasiyokaa vizuri. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, hata kama hakiumi, kionwe na daktari au daktari wa meno, kwani saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo. Wavutaji wa sigara na watafunaji wa tambuu au tumbaku wasisubiri zaidi ya hapo.

Fizi iliyovimba kando ya jino lenye kupwita huenda ina jipu. Dawa ya maumivu hutuliza tu. Jipu huhitaji daktari wa meno. Aspirini isiwekwe juu ya fizi, kwa kuwa huiunguza na kuongeza kidonda kingine. Asiye na daktari wa meno apige simu namba 111 na kuomba mkalimani wa Kiswahili, ambaye hutolewa bila malipo.